Nani Anamrithi Lisbeth Salander?

Mjomba wangu husoma akiwa na penseli mkononi. Sentensi ikimpendeza huitia alama pembeni, ikimuudhi huandika neno moja tu: "Kwani?" Nakala yake ya riwaya ya nne katika mfululizo wa Millennium imejaa "Kwani?" tangu sura za mwanzo, na alipoiweka mezani kwa Mama Mdogo, Jumamosi ile tuliyokutana Tanga, nilijua chai ingepoa kabla hatujaelewana.

Kwa asiyeufuata mfululizo huo, kisa kinaanzia hapa. Stieg Larsson, mwandishi wa habari wa Uswidi, alifariki Stockholm tarehe 9 Novemba 2004, akiwa na miaka 50. Lifti ya jengo lenye ofisi yake ilikuwa haifanyi kazi, akapanda ngazi, moyo ukashindwa. Alikuwa amekwisha kuwakabidhi wachapishaji wa Norstedts miswada mitatu ya riwaya, na hakuuona hata mmoja ukiwa kitabu. Vilitoka mwaka 2005, 2006 na 2007, na kufikia 2015 vilikuwa vimeuzwa nakala zaidi ya milioni 80 duniani. Kilichowanasa wasomaji si fumbo la nani kamuua nani. Ni Lisbeth Salander: mdukuzi wa kompyuta, msichana mwembamba mwenye joka lililochorwa mgongoni, aliyeteswa na daktari wa hospitali ya watoto wenye maradhi ya akili, kisha na mwanasheria aliyewekwa na serikali kuwa mlezi wake, baada ya kumwona baba yake akimpiga mama yake mpaka ubongo ukaharibika. Hakumsahau hata mmoja wao.

Tarehe 27 Agosti 2015 kikatoka kitabu cha nne. Lisbeth yumo, mwanahabari Mikael Blomkvist yumo, lakini aliyeandika ni David Lagercrantz. Kwa Kiingereza kinaitwa The Girl in the Spider's Web. Wasomaji waligawanyika kabla hata ya kufika katikati, na katika familia yetu bado tumegawanyika.

Tulikuwa wanne. Mjomba, mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Mama Mdogo, aliyefanya ukarani wa mahakama mpaka alipostaafu. Binamu yangu, binti wa Mjomba, ambaye kazi yake ni kulinda kompyuta za ofisi za watu zisiingiliwe na wezi. Na mimi. Mama Mdogo ndiye peke yake ambaye hajakisoma kitabu cha nne, na hakuna aliyesema kwa uchungu kumshinda.

MJOMBA: Mimi naanza na fanicha. Katika kitabu cha pili Lisbeth amepata fedha, amenunua nyumba kubwa kupita haja yake, halafu anakwenda IKEA. Larsson anatuhesabia alichonunua, kimoja kimoja, na majina ya kiwandani: kochi, viti, meza, kabati, mashuka. Mhariri yeyote angelikata. Kwangu mimi huo ndio ukurasa wa huzuni kuliko zote. Msichana aliyelelewa na hospitali na mahakama hajui nyumba hujazwaje. Anainunua kwa orodha, kama anayejaza fomu. Na vyumba vingine anaviacha vitupu.

BINAMU: Baba, wewe umeiona huzuni. Mimi niliona orodha ya dukani.

MJOMBA: Kwa sababu ulikuwa unakimbia. Katika kitabu hiki cha Lagercrantz hakuna pa kusimama. Kila anayeingia mlangoni amekuja kuua, au kuuawa, au kutueleza jambo. Hakuna mtu anayenunua kiti.

BINAMU: Na mimi ndicho nilichokipenda. Tusidanganyane kuhusu kitabu cha kwanza. Kurasa nyingi za mwanzo ni hesabu za tajiri na kampuni zake; nilikiacha mara mbili. Hiki cha nne nilikianza jioni, alfajiri ikanikuta nacho. Profesa Frans Balder anajua siri kubwa ya akili bandia, anajua anawindwa, anarudi Uswidi na kumchukua mtoto wake August aliyekuwa amemtelekeza. Mtoto ana usonji, hasemi. Lakini anachora alichokiona kama vile kamera imekipiga. Baba anauawa mbele yake. Sasa shahidi pekee ni mtoto asiyesema, na ushahidi wote uko kwenye penseli yake. Shangazi, hiyo ni kazi ya fundi! Na Lisbeth amepenya kwenye kompyuta za shirika la ujasusi la Marekani, NSA, miaka miwili tu baada ya Edward Snowden kuwafichua. Watu wa kazi yangu tulikisoma tukiwa tunatazamana.

MJOMBA: Nimewahi kufundisha mtoto wa namna hiyo. Hakuwa ufunguo wa fumbo la mtu yeyote. Alipenda kupanga mawe kwa ukubwa, na mama yake alikuwa anachoka. Katika vitabu na filamu, mtoto asiyesema lazima awe na kipaji cha ajabu ndipo apewe nafasi. Hapo pana "Kwani?" yangu kubwa kuliko zote, na nimeibonyeza mpaka karatasi ikatoboka.

Alimwonyesha binti yake ukurasa. Kweli ulikuwa umetoboka. Binamu aliushika kwa muda, akaupapasa kwa kidole, na kwa mara ya kwanza tangu tukae hakujibu.

Nikasema yangu. Kinachonikera mimi ni ndugu. Larsson mwenyewe alitaja kwamba Lisbeth ana pacha, Camilla, akamwacha mbali, nje ya kisa. Huo ulikuwa mlango alioacha wazi, na Lagercrantz hakukosea kuupita. Mwandishi yeyote anayepokea kazi ya mwenzake hutafuta milango ya namna hiyo. Swali ni alichokileta kutoka ndani. Amemleta mwanamke mrembo kupindukia, katili kupindukia, mkuu wa mtandao wa wahalifu. Pacha mmoja wa nuru, mmoja wa giza. Kisha anatueleza kwamba jina la siri la Lisbeth kwenye mitandao, Wasp, yaani nyigu, limetoka kwenye vitabu vya katuni vya Marvel alivyovisoma utotoni. Tulikuwa tumeishi na nyigu huyo kwa vitabu vitatu bila kuelezwa, na hakuna aliyepungukiwa na kitu.

BINAMU: Kwa hiyo mwandishi asieleze?

Aeleze. Lakini angalia maelezo yanampeleka wapi. Maadui wa Larsson ni watu wa mafaili. Daktari Teleborian ana cheti. Mlezi Bjurman ana barua ya mahakama. Wale wazee wa idara ya usalama, waliomlinda baba katili kwa sababu alikuwa jasusi mwenye thamani kwao, wana muhuri na kabati la nyaraka. Kilele cha kitabu cha tatu hakiko kwenye daraja wala juu ya paa. Kiko mahakamani, wakili mwanamke, Annika Giannini, akimuuliza daktari swali baada ya swali mpaka uongo wa miaka mingi unaisha pumzi. Jina la Kiswidi la kitabu cha kwanza ni "Wanaume Wanaochukia Wanawake". Larsson hakuficha anamkasirikia nani. Inasimuliwa kwamba mwaka 1977 alikwenda Eritrea akawafundisha wanawake wapiganaji kutumia mizinga midogo. Mwaka 1995 alishiriki kuanzisha jarida la Expo la kuwafichua wafuasi wa siasa za chuki, na vitisho vya kuuawa vikawa sehemu ya maisha yake. Hasira yake ilikuwa na anwani.

Katika kitabu cha nne wamo wakubwa wala rushwa na makampuni ya wizi, sikatai. Ila uovu ulio mkubwa umehamia kwenye damu ya familia moja, na Lisbeth amekuwa mtu wa masimulizi: akitajwa, watu wanashusha sauti. Wakati nilipompenda alikuwa anakula piza ya kupasha moto, amekaa sakafuni.

MAMA MDOGO: Mmemaliza mambo ya mtindo? Sasa nisikilizeni mimi niliyeshika mafaili ya mirathi kwa mikono hii. Yule mwanamke aliishi na marehemu miaka mingapi?

Thelathini na miwili, nikamwambia. Eva Gabrielsson, msanifu wa majengo.

MAMA MDOGO: Miaka 32. Na alipata nini katika vitabu?

Sheria ya Uswidi haimpi urithi mtu aliyeishi na mwenzake bila ndoa, kama hakuna wosia. Wosia wa Larsson, alioandika kabla ya safari ya Eritrea, haukuwa na mashahidi, ukakosa nguvu, na hata huo haukuwa unamtaja Eva. Kila kitu kikaenda kwa baba yake, Erland, na mdogo wake, Joakim. Gabrielsson amesimulia kwamba hawakufunga ndoa kwa sababu ya usalama: kuandikishwa kungeweka anwani yao mahali ambapo wale waliomtishia Stieg wangeiona.

MAMA MDOGO: Mnaona? Mtu anakosa kuolewa kwa sababu anamlinda mume, halafu kule kumlinda ndiko kunakomfukuza. Hapa kwetu Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 160, inasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi, na jamii ikawaona ni mume na mke, mahakama itachukulia kwamba wameoana.

MJOMBA: Dhana hiyo hukanushwa, mdogo wangu. Wewe mwenyewe umeniambia mara ngapi.

MAMA MDOGO: Hukanushwa, na nimeona ndugu wa marehemu wakija na mashahidi sita kuikanusha. Lakini angalau mwanamke anaingia mahakamani na kifungu mkononi. Huyu hakuwa na pa kushika. Halafu wale wale waliochukua wanamtafuta mtu wa kuandika kitabu kingine. Mjane yuko hai! Yuko mji ule ule. Anasema hataki. Na nyinyi mnaniuliza kwa nini sikisomi.

BINAMU: Shangazi, haki iwe haki kwa wote. Baba na mdogo wa Stieg walisema mapato yao ya kitabu cha nne wanayapeleka Expo, jarida la Stieg mwenyewe. Na mwaka 2009 walijitolea kumpa Eva kronor milioni 20, akakataa.

MAMA MDOGO: Alikataa kwa sababu alikuwa anaomba kauli juu ya kazi, wakampa fedha. Hivyo ni vitu viwili. Mjane akiomba aachiwe cherehani ya marehemu, ukamletea bei ya cherehani, hujamwelewa.

BINAMU: Nimekuelewa. Lakini kitabu hakijui nani amekirithi. Nikikifungua, kinanishika au hakinishiki. Na Lagercrantz si mtu wa kuokotwa. Ndiye aliyeandika kitabu cha maisha ya mwanasoka Zlatan Ibrahimović mwaka 2011, mtoto wa wahamiaji wa Rosengård kule Malmö, na ukikisoma unamsikia Zlatan, humsikii yeye. Anajua kuvaa sauti ya mtu.

MJOMBA: Zlatan alikuwa hai. Alikuwa anaweza kumwambia, "Hapa hukunisikia vizuri."

Sentensi hiyo niliiandika pale pale. Nadhani ndiyo iliyogusa mshipa wa mjadala wote. Lagercrantz anatoka katika familia ya wasomi wa Stockholm. Baba yake, Olof, alikuwa mhariri mkuu wa gazeti la Dagens Nyheter. Larsson alilelewa na babu na bibi katika nyumba ndogo ya mbao kaskazini, Västerbotten. Hilo peke yake halimzuii mtu kuandika, na ningekuwa mdogo wa akili kudai hivyo. Lakini lilihitaji mtu wa kumsahihisha, na mtu aliyekuwa karibu zaidi na kazi ile hakuulizwa. Kazi ilifanywa kwa siri kubwa: inasemwa Lagercrantz aliandikia kwenye kompyuta isiyounganishwa na intaneti, na muswada ukabebwa kwa mkono. Waliulinda dhidi ya wadukuzi, na hapo hapo wakamfungia nje mwanamke aliyejua Lisbeth alitoka wapi.

Mimi kitabu nilikimaliza, na nilikifurahia usiku ule. Ndiyo maana kinaniuma. Kingekuwa kibovu ningekiweka chini na kusahau.

Kimya kidogo kikapita, kisha Binamu akauleta mjadala nyumbani.

BINAMU: Haya. Ben Mtobwa, aliyemuumba Joram Kiango, alifariki 2008. Elvis Musiba, aliyemuumba Willy Gamba, 2010. Kesho mtu akiniletea Joram Kiango mpya, anawafukuza matapeli wa kwenye simu, mwenzake Nuru yuko pembeni yake na kompyuta, mimi nitapanga foleni. Nyinyi mtakataa?

MJOMBA: Nitauliza kwanza ni nani anayeandika, na Kiswahili chake kinatembeaje. Mwanangu, mfululizo wetu wa kwanza wa upelelezi ni wa Mohamed Said Abdulla. Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, na rafiki yake Najum. Kuanzia Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960 mpaka Kosa la Bwana Msa mwaka 1984, mkono ni ule ule. Watu wakisema kile cha mwisho si kizuri kama cha kwanza, wanabishana na Abdulla mwenyewe. Mwandishi akichoka, nachoka naye. Akizeeka, namwona anavyozeeka. Hiyo nayo ni sehemu ya kusoma mfululizo. Mtu mwingine akinijia na Bwana Msa leo, hata akiwa hodari, nitakuwa nasikiliza lafudhi tu. Unguja ile ilikuwa ndani ya masikio ya Abdulla. Haimo kwenye kiko.

BINAMU: Kwa hiyo wafe wote na waliowaumba?

MJOMBA: Hawafi. Wanasomwa tena.

BINAMU: Wanasomwa na nani, Baba? Wanafunzi wako wangapi wanamjua Willy Gamba? Wazungu wana James Bond mpya kila mara. Ian Fleming alifariki 1964, mwaka 1968 Kingsley Amis akatoa Bond wake, na watoto wa leo wanajua Bond ni nani. Joram Kiango anajulikana kwa watu wa umri wako.

Hapo alinigusa. Nakala yangu ya Kufa na Kupona, riwaya ya Gamba, haina jalada; niliipata kwa muuzaji wa vitabu vilivyotumika, na kurasa zake za mwisho zimebandikwa kwa gundi na mtu nisiyemjua aliyetaka msomaji mwingine afike mwisho. Lakini pia namkumbuka Gamba alizaliwa lini. Mwaka 1974 Msumbiji bado iko chini ya Wareno, Rhodesia ipo, Pretoria ina Makaburu, na Dar es Salaam ndiko makao ya Kamati ya Ukombozi. Musiba hakuhitaji kubuni adui. Alikuwa jirani. Tulipokuwa tunamshangilia Gamba tulikuwa tunashangilia jambo ambalo redio ilikuwa inalisema kila siku. Anayetaka kumwendeleza leo kazi yake ya kwanza si kujua Gamba anapiga vipi ngumi au anapenda wanawake wa namna gani. Ni kujua leo angemkasirikia nani, na kuwa na hasira hiyo yeye mwenyewe, kifuani, si kuiazima.

Ndivyo ninavyoupima mkono wa pili, na nilivyomwambia Binamu. Mwendelezo nitaupokea, kwa Gamba, kwa Kiango, kwa Lisbeth, kama hasira imerithiwa pamoja na jina. Lagercrantz alirithi jina, tatuu, pikipiki, maadui na pacha. Alikuwa na udadisi mwingi juu ya akili za watu wa ajabu. Tayari alikuwa ameandika riwaya juu ya mwanahisabati Alan Turing, na mapenzi yake kwa vichwa vya namna hiyo yanaonekana kila ukurasa. Ni mapenzi ya kweli. Ila ni mengine.

MAMA MDOGO: Na baada ya huyo?

Aliandika vitatu, nikamwambia, cha mwisho mwaka 2019. Kisha haki zikahamia kwa mchapishaji mwingine, na mwaka 2022 kikatoka cha saba, mwandishi ni mwanamke, Karin Smirnoff, mtu wa kaskazini, na kisa amekipeleka huko kaskazini.

MAMA MDOGO: Mwanamke, tena wa huko. Huyo labda nitamjaribu.

MJOMBA: Warithi ni wale wale, mdogo wangu.

MAMA MDOGO: Najua. Nimesema labda.

Jua lilikuwa limeshuka. Binamu alianza kukusanya vikombe, na mimi, kwa kuwa sikutaka tuachane hivyo, nikawaeleza jambo moja lililobaki: Larsson alipofariki aliacha kwenye kompyuta yake mpakato kurasa kama 200 za kitabu cha nne alichokuwa anakiandika mwenyewe, kisa ambacho sehemu yake iko kwenye kisiwa cha barafu kaskazini kabisa mwa Kanada. Lagercrantz hakuzitumia. Gabrielsson hajaziachia.

Mama Mdogo alikichukua kitabu cha Mjomba mezani, akakigeuza akatazama jalada la nyuma, akakirudisha bila kukifungua.

MAMA MDOGO: Basi cha nne kipo. Hiki chenu ni cha tano.

BINAMU: Shangazi, huwezi kukihesabu kitabu ambacho hakuna aliyekisoma.

MAMA MDOGO: Yupo aliyekuwa chumba cha pili kikiandikwa.